Fildi ya wiki nane kwenye naitrojeni ya kimiminika Mbeya: nawapa nyota nne, ya tano wakiweka kipima oksijeni

Wadau habari zenu. Najua kipindi hiki watu wa mwaka wa pili na wa tatu mnazunguka na barua za fildi mkononi mnaambiwa nafasi zimejaa, sasa mimi yangu nimeimaliza mwezi wa tisa, wiki nane kamili, sehemu ambayo darasani kwetu hakuna aliyewahi kuifikiria. Ni kampuni ndogo hapa Mbeya inayotengeneza naitrojeni ya kimiminika na kuhifadhi mbegu za ng'ombe wa maziwa halafu inawasambazia wahimilishaji (wale wanaopandisha ng'ombe kwa mrija badala ya dume) wa Rungwe, Mbozi mpaka Makete. Mimi nasoma uhandisi mitambo, mambo ya mifugo nimeyakuta hapo hapo. Jina la kampuni silitaji kwasababu kuna kasoro moja nitaisema na nataka wapate nafasi ya kuirekebisha, ila sehemu kama hizi zipo nyingine nchini, na popote utakapopelekwa kwenye mitungi hii haya nayoandika yatakufaa.

Nianze na kwanini kazi hii ipo maana mimi mwenyewe wiki ya kwanza sikuelewa. Huku kwetu nyanda za juu ng'ombe wa maziwa ndio ada za watoto, Frizian, Ayrshaya, Jesi, mtu ana ng'ombe wawili kwenye banda la mabanzi nyuma ya nyumba na migomba pembeni basi ndo uchumi wa nyumba nzima huo. Kufuga dume la Frizian ni gharama na dume lenyewe ni hatari, kwahiyo wanatumia mbegu ya kwenye mrija, vile vimirija vyembamba vya robo mililita au nusu mililita ambavyo wafugaji wengi wanaita tu "chupa". Mbegu ikishagandishwa inakaa miaka na miaka ikiwa hai, kwa sharti moja tu kwamba isitoke kwenye ile baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Na baridi hiyo inatoka kwenye naitrojeni ambayo muda wote, mchana na usiku, ukiiangalia usipoiangalia, inachemka na kuondoka. Hakuna tanki linaloizuia kabisa. Kwahiyo kazi yote niliyojifunza kwa wiki nane ni kuitengeneza, kuimwaga salama toka chombo kimoja kwenda kingine, na kuhakikisha hakuna mtungi unaokauka.

Sasa mashine. Hapa ndo nilipopapenda maana mambo ya darasani niliyoyaona kwenye michoro niliyakuta yanatembea. Hewa ya kawaida ina naitrojeni asilimia 78, kompresa inaivuta, inapita kwenye drayeri kuondoa unyevu, halafu inaingia kwenye mitungi miwili iliyojaa punje nyeusi za kaboni ambazo zinakamata oksijeni na kuiacha naitrojeni ipite, mmoja ukiwa kazini mwingine unapumulia nje, unasikia "pshhhh" kila baada ya muda mpaka unazoea. Baada ya hapo gesi inaingia kwenye tanki lenye kichwa cha baridi kinachoendeshwa na gesi ya heli, ikigusa pale inageuka matone, matone yanadondoka chini taratibu. Siku nzuri tulikuwa tunapata kama lita 40 kwa masaa 24. Mzee wetu wa mitambo (yeye ndo aliyekuwa supavaiza wangu, sote tulimwita Baba) alinieleza kitu ambacho sikuwahi kufikiria, kwamba Mbeya tuko karibu mita 1,700 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, kompresa ikivuta pumzi moja inapata hewa kidogo kuliko ingekuwa Dar, kama nne ya tano hivi, kwahiyo huwezi kuchukua namba za kwenye kitabu cha mashine ukazitegemea kama zilivyo. Nilikaa usiku nikapiga hesabu nikakuta ni kweli kabisa, hiyo peke yake imenipa kurasa tatu za ripoti.

Unyevu ndo adui mkubwa wa mashine. Drayeri ikizembea, maji kidogo tu yakaingia ndani yanaganda kwenye mrija mwembamba na kuziba, halafu unazima kila kitu unasubiri mashine irudi joto la kawaida ndo uanze upya, siku nzima imepotea. Vivyo hivyo umeme ukikatika, hata ukirudi baada ya dakika kumi haimaanishi matone yanarudi baada ya dakika kumi, kile kichwa kinahitaji masaa kushuka tena mpaka baridi inayotakiwa. Jenereta la dizeli lipo na LUKU walikuwa hawaachi iishe, hilo nawapongeza sana.

Kitu kingine kinachoangaliwa kila saa ni usafi wa gesi. Oksijeni inageuka kimiminika kwenye nyuzi 183 chini ya sifuri, yaani kabla ya naitrojeni, kwahiyo ikipenya inatangulia kugeuka na kukaa kwenye tanki, na oksijeni ya kimiminika sio kitu cha kuchezea karibu na grisi au moto. Ndo maana pale kwenye bomba kuna kipima oksijeni, kikionyesha imepanda unafunga. Kumbukeni hicho kipima, nitakirudia mbele.

Wiki mbili za kwanza sikuruhusiwa kabisa kumwaga, na nilikuwa na hamu kwelikweli. Nilikuwa naangalia, naandika kwenye logibuku, napima. Kupima kwenyewe ni kwa rula ya mbao, unaizamisha mpaka chini, unahesabu kumi, unaitoa unaipunga hewani, barafu nyeupe inajichora mpaka pale naitrojeni ilipofika. Usitumie bomba lenye tundu hata siku moja, naitrojeni inachemka ndani ya bomba inaruka juu kukufuata usoni. Mitungi midogo tulikuwa pia tunaipima kwa mizani ya kuning'iniza, ile ile ya kupimia viazi, maana lita moja ni kama gramu 800 kwahiyo ukijua uzito wa mtungi mtupu unajua kilichobaki bila hata kuufungua. Mwanzoni niliona ni kazi ya kitoto. Baba akaniambia, "Binti, hiyo namba unayoandika hapo ni ng'ombe wa mtu." Sikumuelewa siku hiyo.

Ukishaanza kumwaga ndo unaona kwanini walikuchelewesha. Mtungi wa naitrojeni ni ndugu na chupa ya chai, kuta mbili katikati hakuna hewa, aligundua James Dewar mwaka 1892, ila huu shingo yake ni nyembamba na kizibo chake hakibani, na kisibane kabisa! Mtu akikaza kizibo kwa nia njema kabisa ya "isitoke" anatengeneza bomu, kwasababu lita moja ikigeuka gesi inakuwa takribani lita 700, na kwa huku juu zaidi ya hapo. Mtungi wenye joto haumwagii kwa pupa, unaweka kidogo, unaacha ichemke ipige kelele itulie, unaongeza kidogo, hivyo hivyo taratibu, na mtungi mpya unauacha hata siku nzima au mbili unaangalia unavyopoteza kabla hujauamini na mbegu za watu.

Na mavazi. Hapa watu wa Mbeya mnisikilize vizuri maana mazoea yetu ya baridi ndo yanayotuponza. Mwezi wa saba asubuhi huku unajua hali, mtu umevaa glavu za sufi za sokoni Mwanjelwa na suruali umeichomeka ndani ya gambuti. Vyote viwili ni marufuku. Tone la naitrojeni likidondoka kwenye ngozi kavu mara nyingi linateleza na kukimbia, sawasawa na tone la maji kwenye kikaango cha chapati kilichopata moto, linaelea juu ya mvuke wake lenyewe. Ila likiingia kwenye sufi linanyonywa, linakaa, linaunguza mpaka nyama, na likiingia ndani ya gambuti ndo kabisa, hadi uvue umeshaungua. Suruali inakaa nje ya buti. Glavu ni zile kubwa maalumu zilizolegea ambazo ukitikisa mkono zinatoka zenyewe, ngao ya uso, aproni ndefu, pete na saa unaacha kwenye droo. Walikuwa na seti mbili tu kwa watu watatu wa chumba cha mitungi, kwahiyo kuna muda mmoja anasubiri, ila sikuwahi kuona mtu akiruhusiwa kumwaga bila seti, hata bosi mwenyewe.

Kwenye mirija ya mbegu sheria ni sekunde. Kanista, kile kikopo kirefu kinachoshika mirija ndani ya mtungi, unaivuta mpaka chini ya shingo tu, hauitoi nje, unachukua mrija kwa kibanio, sekunde tano sita umemaliza, ukishindwa kuupata unaizamisha tena unaanza upya. Mbegu ikipata joto hata kidogo halafu ikarudishwa kwenye baridi kwa macho hauoni tofauti yoyote, mrija ni ule ule rangi ile ile, lakini mbegu zimekufa. Mfugaji atalipa hela, mhimilishaji atapanda pikipiki mpaka kijijini, ng'ombe atapandishwa, halafu baada ya siku 21 anarudi kwenye joto tena, yaani hakushika mimba.

Hii niliielewa vizuri wiki ya tano. Uliletwa mtungi wa lita tatu na kijana mhimilishaji kutoka upande wa Isongole, anasema naitrojeni inaisha haraka siku hizi, alijaza wiki iliyopita. Baba aliuangalia tu, hakuugusa, akaniita. Mabega ya mtungi yalikuwa na ukungu wa barafu kwa nje. Mtungi usio na ubovu kwa nje unakuwa mkavu na una joto la kawaida, ukiona barafu au jasho kwa nje ujue ile nafasi isiyo na hewa imeshaingia hewa, mtungi umekufa na hauna kupona kwa kuongeza naitrojeni. Ndani ilikuwa imebaki kama vidole viwili. Tukahamisha mirija yote kwenda tanki kubwa, mimi ndo niliyeshika kibanio, mikono ilikuwa inatetemeka nakiri, ila niliweza. Tatizo ikawa je hiyo mirija bado mizima? Wakayeyusha miwili, kwenye maji ya nyuzi 37 kwa sekunde 40, wakaweka kwenye hadubini. Nikaangalia na mimi. Mbegu chache sana zilikuwa zinatembea, nyingi zimelala tu. Ikabidi ule mzigo wote uandikwe hasara, na yule kijana alikuwa ameshapandisha ng'ombe wanne kwa mbegu za mtungi huo wiki ile.

Kesho yake nikaomba niongozane naye, na nashukuru waliniruhusu. Tulienda na Noah, mtungi mpya umefungwa wima kwa mikanda na madirisha wazi njia nzima pamoja na baridi ile ya Uyole kupanda milimani (hii nayo ni sheria, gari lililofungwa vioo na naitrojeni ndani ni hatari). Nyumba ya pili kulikuwa na mama mmoja mtu mzima, ana Jesi mmoja tu. Tukamwamkia, kijana akamweleza ukweli wote, kwamba mtungi uliharibika na kuna uwezekano mkubwa ng'ombe hakushika, na akirudi kwenye joto atapandishwa bure. Nilidhani atakasirika. Akakaa kimya kidogo akasema, "Mwanangu, huyu ng'ombe nilihesabu atazaa kabla ya shule kufunguliwa." Akaenda kutuletea chai ya maziwa. Mimi ile chai ilinipita kwa shida kwakweli, kwasababu nilikumbuka zile rula nilizokuwa naziona za kitoto. Ng'ombe anabeba mimba miezi tisa na siku kadhaa, ukimchelewesha siku 21 umeyachelewesha na maziwa yake siku 21, na kwa mtu mwenye ng'ombe mmoja hakuna maziwa mengine. Toka siku ile sikuruka kipimo hata kimoja, saa 12 asubuhi na saa 12 jioni, Jumapili nilipanda daladala nikaenda kupima tu na kurudi.

Sasa kasoro. Naomba niiseme bila kuzunguka.

Chumba cha mitungi ni kama mita tatu kwa nne, dari mita mbili na nusu, dirisha moja liko juu. Naitrojeni haina harufu, haina rangi, na haikubani kifua, kwasababu kinachomfanya mtu ahisi anakosa pumzi ni kaboni dayoksaidi kujaa mwilini, sio oksijeni kupungua. Unachanganyikiwa kidogo, miguu inaisha nguvu, unaanguka. Anayekuja kukuokoa anaanguka na yeye. Tena gesi inayotoka ikiwa ya baridi ni nzito, inalala sakafuni, dirisha la juu halisaidii kitu. Ulinzi wao ulikuwa ni mlango kuachwa wazi muda wote wa kumwaga. Sawa, lakini huu ni mji wa baridi jamani. Wiki ya tatu tukiwa tunajaza tanki la lita 35, upepo wa asubuhi ule unaokata masikio, mtu mmoja wa ofisini akapita akaona mlango uko wazi akaufunga ili kutusaidia tusipigwe na baridi. Alikuwa na nia nzuri kabisa. Mimi nilisikia tu mlango umebamizwa. Baba aliacha kila kitu pale pale, akafunga bomba, akatutoa nje wote watatu, tukasimama juani robo saa hakuna anayeongea. Hakumfokea mtu. Akaenda kuchukua bisibisi akaung'oa mlango mzima akauweka ukutani, na mpaka naondoka ule mlango ulikuwa haujarudishwa.

Namheshimu sana kwa lile. Lakini usiku ule nikapiga hesabu kwenye logibuku. Chumba kina mita za ujazo 30. Lita 10 zikimwagika, tuseme mtungi umeanguka, ni mita za ujazo saba za gesi au zaidi. Oksijeni inatoka asilimia 21 inashuka mpaka 16 hivi au chini yake, na kengele za vipima oksijeni huwa zinawekwa zilie kwenye 19.5. Na hiyo ni chumba kizima kikichanganyika sawasawa, pale chini kwa mtu aliyeinama anaokota mtungi ni mbaya zaidi. Halafu nikakumbuka kile kipima cha kwenye bomba. Mashine ina kipima oksijeni chake kwa ajili ya usafi wa gesi, chumba wanachoshinda watu hakina. Ilinichoma sana hii. Sio kwamba hawajali, watu wale wanajali kuliko sehemu nyingi nilizopita, ila wamezoea kwasababu miaka yote hakijatokea kitu.

Nilimwonyesha bosi hesabu yangu, kwa heshima, nikiwa na Baba pembeni. Alizisoma zote. Hakuniambia we mwanafunzi tu. Akaniuliza vipima vipo vya aina gani, nikamwandikia vitu viwili, kimoja cha kubandika ukutani chenye kengele kikae usawa wa chini karibu na mitungi na kingine kidogo cha kuvaa kifuani, pamoja na matundu ya hewa karibu na sakafu, ambayo hayo ni kazi ya fundi wa matofali ya siku moja tu. Matundu walitoboa kabla sijaondoka, mawili, yana wavu. Vipima alisema viko kwenye bajeti.

Mambo mengine kwa haraka. Hela hawalipi, chai na mchana wanatoa, wali maharage au ndizi, Ijumaa nyama. Chumba nilipanga Ilomba na mwenzangu, Ilomba ni karibu na daladala za kila upande. Logibuku wanasaini kila Ijumaa bila kusumbuliwa na supavaiza wa chuo alipokuja walimpa ushirikiano wote. Wanachukua mwanafunzi mmoja mmoja, na wanapenda ukienda na barua yako mwenyewe mkononi, mwezi wa nne au wa tano. Wasichana msiogope, mtungi wa lita 35 ukijaa haubebwi na mtu yeyote peke yake, unasukumwa kwenye kitoroli chenye magurudumu, awe mwanaume awe mwanamke. Ukiitwa, siku ya kwanza waombe wakuonyeshe kipima kiko wapi kabla hujavaa glavu, na kama bado hakipo waulize lini, kwa adabu lakini uulize, halafu hakikisha hauachwi peke yako chumbani wakati wa kumwaga.

Kwahiyo nyota nne. Kwa mafunzo ya mikono ningewapa zote tano bila kufikiria, sijawahi kufundishwa kitu kwa uvumilivu vile.

Yule mama wa Isongole ng'ombe wake alirudi kweli kwenye joto, alionekana asubuhi akapandishwa jioni ya siku hiyo hiyo, na mrija nilitoa mimi kwenye tanki. Nilimwachia kijana namba yangu anitumie ujumbe siku 21 zikipita. Ametuma juzi, kaandika "hajarudi, mama anasema ndaga fijo", yaani asante sana kwa Kinyakyusa. Krismasi nikipanda kwenda nyumbani Tukuyu nitashuka pale njiani nimsalimie, na kabla ya hapo nitapita kwa kina Baba nione kama ukutani kuna kipima, nikikikuta nitarudi kubadilisha hizi nyota.